Chatu Katika Chumba cha Vifaranga

Kiharusi kilipompata Lucien, maneno yote yalimtoroka isipokuwa nusu ya neno moja. "Nyo," alikuwa akisema, mkono wake wa kushoto ukipigapiga godoro. "Nyo... nyo..."

Dada yake Régine, aliyemtoa hospitali na kumleta nyumbani kwake Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, alidhani anataka kunywa. Akamletea maji. Lucien alikunywa kidogo, kwa adabu tu, kisha akaanza tena: "Nyo." Plamedie, binti yake Régine, alimtazama mjomba wake akasema, "Mama, angalia ndevu yake. Tonton anataka kunyolewa." Wakamwita kinyozi. Lucien alinyolewa akiwa amefumba macho, na machozi yakamtiririka hadi kwenye povu la sabuni. Wote watatu, mama, binti na kinyozi, walidhani ni uchungu wa ugonjwa.

Hayo yalikuwa baada ya Pasaka. Kabla ya hapo Lucien alikuwa dereva wa lori, mtu wa kubeba mahindi na samaki kwenye barabara ya Kasomeno, mtu wa kulala njiani na kurudi mjini bila taarifa. Hakuwa na mke. Alikuwa na vyumba viwili Naviundu, karibu na mto, na Régine hakuwa ameingia humo kwa muda mrefu, maana kila alipokwenda alikuta kufuli mlangoni. Naye alikuwa na shughuli zake. Alikuwa mjane, na alifuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba. Kuku wa nyama hawampi mtu nafasi ya kutembeatembea.

Mwezi wa sita ulipoingia na baridi ikaanza kuuma asubuhi, Régine alichukua funguo za Lucien akaenda Naviundu kumchukulia mapulova. Aliyapata ndani ya sanduku la bati. Chumba cha nyuma kilikuwa na giza, dirisha limezibwa kwa kitambaa, na kwenye kona kulikuwa na kitu kikubwa kilichofunikwa blanketi. Blanketi lilikuwa zuri, zito. Akaona na hilo litamfaa Lucien. Akalivuta.

Chini yake kulikuwa na kisanduku cha mbao chenye kioo upande mmoja, na nyuma ya kioo kulikuwa na nyoka.

Régine hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume, akafunga mlango, akasimama uani na mapulova mikononi. Ndipo nusu ya neno ilipokamilika kichwani mwake. Majuma yote yale walikuwa wakimpa maji.

Katika nyumba ya jirani walikaa Fatouma na mumewe Idrissa, seremala, watu wa Maniema waliokuwa wamezaliwa Lubumbashi wote wawili. Fatouma alikuwa anaanika nguo. Régine alimwita juu ya ukuta.

"Mama Fatouma, kuko nyoka mu nyumba ya Lucien!"

"Ingali muzima?"

"Kumbe ulijua?"

Fatouma aliacha nguo zake akaja, akimwita yaya, dada mkubwa, kama Lucien alivyomwita. "Idrissa njo alifanyaka ile kisanduku. Sisi tulizaniaka muliisha kuibeba, yaya. Na bantu ya hapa banaogopa hata kupita karibu na dirisha. Nani angeingia kuangalia?"

Idrissa alikuja na kipande cha mbao mkononi, jinsi alivyotoka kazini. Ni yeye aliyemweleza Régine. Miaka miwili nyuma, nyasi zilipochomwa kando ya barabara ya Kasomeno, Lucien alimkuta chatu mdogo, mwembamba kama kamba ya kiatu, akitoka motoni. Alimtia kwenye chupa ya plastiki akaja naye. Tangu siku hiyo alikuwa akimlisha mwenyewe, na kila aliporudi safari kitu cha kwanza kilikuwa kuuliza kama panya wamepatikana.

Waliingia tena, Idrissa mbele. Chatu hakusogea. Alikuwa na urefu wa kumpita mtu mzima, lakini mwili ulikuwa umeisha. Uti wa mgongo ulikuwa umesimama juu kama paa la nyumba, na ngozi ya ubavuni ilikuwa na mikunjo, kama nguo ya mtu aliyekonda ndani yake. Beseni la maji lilikuwa limebaki na tope la kijani. Idrissa aligusa kioo kwa ukucha. Ulimi ulitoka, mara moja, polepole, ukarudi.

"Yaya Régine, tufanye nini?" Idrissa aliuliza. "Tuiue? Ama tuibebe?"

Maisha yake yote Régine alijua jibu moja tu la nyoka, nalo lilikuwa jembe. Alisimama akitazama ile mikunjo ya ngozi. Alikuwa amewahi kuona kuku wakifa kwa njaa, gari la chakula lilipokwama wakati wa mvua, na alikuwa hajasahau jinsi walivyokaa kimya.

"Tuibebe," alisema. "Mwenyewe anaiulizia tangu Pasaka."

Idrissa aliazima gari la mteja wake la kubebea mbao. Walimtia chatu ndani ya foronya, naye kwa baridi hakuwa na nguvu hata ya kujikunja, wakafunga mdomo wa foronya kwa kamba, wakaiweka ndani ya kisanduku, na blanketi juu. Régine alikaa mbele na hakugeuka nyuma hata mara moja mpaka Kasungami.

Walikiweka kisanduku karibu na kitanda cha Lucien, wakalitoa blanketi. Lucien alitazama kwa muda. Kisha aliinua mkono wake wa kushoto, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Nyo-ka," alisema.

Lilikuwa neno zima. Plamedie, aliyekuwa amesimama mlangoni na mguu mmoja nje tayari kukimbia, alishika mdomo. Lakini Lucien hakuwa na habari na neno lake. Alikuwa ameona mgongo wa chatu, na uso wake, upande ule uliokuwa bado unaweza kuonyesha kitu, ulikunjamana.

Siku hiyohiyo kabla jua halijazama Régine alitaka kumaliza jambo hilo. Mnyama ana njaa, basi apewe chakula. Alichukua kuku mdogo aliyekuwa amekufa mchana, aliyekwisha kuota manyoya, akamwonyesha Lucien. Lucien alitikisa kichwa. Akainua kidole chake kidogo, akakigusa ncha.

"Moja? Njo moja hii," Régine alisema, akamwingiza yule kuku.

Chatu alimla. Ilimchukua muda mrefu na jitihada kubwa, taya zikipanuka juu ya manyoya, na Régine aliyeangalia kwa jicho moja kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo alijisikia amefanya kazi nzuri. Lucien aligeukia ukutani.

Siku ya pili yake harufu ilijaza nyumba. Chatu alikuwa amemtapika kuku, mzima, mlaini, ameoza nusu, na yeye mwenyewe alikuwa amelala kando yake akiwa mwembamba kuliko mwanzo. Régine alisafisha kwa majivu na maji ya moto huku amefunga kitambaa puani. Alipompelekea Lucien uji, Lucien alifunga mdomo. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na hofu, na Régine alitambua hofu hiyo kwa sababu alikuwa ameiona machoni pake utotoni, walipokuwa wakingoja habari za baba yao aliyefanya kazi kwenye reli.

"Docteur atakuja kesho kuchanja kuku," alimwambia. "Nitamuuliza. Kula sasa."

Daktari Daniella alikuwa mganga wa mifugo, mwanamke kijana mwenye pikipiki na sanduku la barafu kwa ajili ya chanjo. Aliposikia neno nyoka alicheka, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka.

"Mama Régine, mie niko docteur ya kuku na mbuzi. Nyoka nilisomaka kidogo tu ku université. Mungoje." Alitoka uani, akampigia simu mtu aliyesoma naye, akazungumza kwa Kifaransa muda mrefu akienda na kurudi kati ya mabanda. Aliporudi alipiga magoti mbele ya kioo.

"Munyama wa kushinda na njaa sana, tumbo yake inalala," alisema. "Ukimupa kintu kikubwa, anashindwa. Kwanza maji. Maji safi, beseni kubwa, aingie mwili muzima kama anataka. Kisha umuache. Usimuguse, usimuangalie-angalie. Kisha umupe kintu kidogo sana." Aliinua kidole chake kidogo. "Kama hivi."

Régine alimtazama Lucien. Lucien aliinua kidole chake.

"Aliniambia," Régine alisema kwa sauti ndogo. "Nikazania anasema moja."

"Tena kuko kintu kingine. Baridi. Huyu hana moto yake mwenyewe mu mwili. Mu hii mwezi, hata akikula, chakula itaoza tu mu tumbo. Anaomba fasi ya moto, muchana na usiku."

Umeme Kasungami ulikuja ulipotaka. Katika uwanja ule wote palikuwa na mahali pamoja tu penye moto: chumba cha vifaranga, chenye kuta za matofali na mbabula mbili, yale majiko ya makaa ambayo Régine aliyawasha nje mpaka moshi uishe, kisha akayaingiza ndani kuwapasha vifaranga vyake vya siku chache.

"Mama, hapana," Plamedie alisema, maana aliona mama yake anawaza nini. "Unataka kulalisha nyoka na bitoto ya kuku?"

"Kuko ukuta mu kati ya bitoto na ile kona."

"Kuko tofali tatu tu!"

"Basi Idrissa ataongeza."

Idrissa alikuja na mbao, waya wa kuku na komeo mbili. Alitengeneza kifuniko kipya na sehemu ya kuzungushia kisanduku, na alipomaliza alikitikisa kwa mikono yote miwili kama mtu anayejaribu kung'oa mti. Chatu akahamia kwa vifaranga. Usiku wa kwanza Plamedie aliamka mara kadhaa kuwahesabu. Asubuhi vifaranga walikuwa wote, wakilia kwa furaha yao ya kila siku, na chatu alikuwa ameingia kwenye beseni la maji akabakiza pua nje.

"Anakunywa," Plamedie alisema, akiwa amechuchumaa mbali kidogo. Aliona koo likienda, polepole. Tangu asubuhi hiyo ni yeye aliyebadilisha maji.

Habari hazikukaa ndani ya uwanja. Huko mjini kuna watu wanaoamini kwamba nyoka anayefugwa ndani ya nyumba ni nyoka wa pesa, anatapika noti usiku na kudai roho ya ndugu kama malipo. Habari ilipofika kwa majirani ilikuwa imekwisha kukamilika: Régine amemtoa kaka yake kafara, nyoka amekula ulimi wake, ndiyo maana kuku zake hazifi. Wanunuzi wawili walipita mlangoni bila kusimama. Wamama wa shirika, wale wa kanisa waliosali kila wiki nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu, ilipofika zamu ya Régine hawakuja. Alikuwa amepanga viti. Alivirudisha ndani kimojakimoja.

Kilichomuuma si viti. Kilichomuuma ni kwamba Lucien alisikia. Mwanamke mmoja alilisema hilo nje ya dirisha, bila kujua kwamba mtu asiyeweza kusema bado ana masikio.

Siku iliyofuata Régine alivaa kitenge chake cha kanisa akaenda kwa Mama Nkandu, kiongozi wa nyimbo, mwanamke mnene asiyeogopa mtu.

"Kuja uangalie," alimwambia. "Unaweza kuleta na maji ya baraka. Lakini kuja."

Mama Nkandu alikuja, na chupa ya maji ya baraka kweli, na nyuma yake wamama wengine wanne waliobaki barabarani. Aliingia chumba cha vifaranga peke yake. Régine alifunua kioo na kurudi nyuma. Mama Nkandu alitazama ule mgongo uliochongoka, mikunjo, macho yaliyozama.

"Hii njo nyoka ya feza?" alisema mwishowe. "Régine, hii iko maskini kupita sisi bote!"

Alicheka mpaka vifaranga wakakimbilia kona. Alitoka akicheka, akawaambia wale wa barabarani, na walipoona anacheka waliingia mmoja mmoja kuchungulia. Si wote walioamini. Mmoja wa wanunuzi hakurudi tena. Lakini jioni hiyo wamama walikaa kwenye viti vya Régine, wakaimba, na Mama Nkandu akamshika Lucien mkono ule uliokufa, akaushikilia muda wote wa wimbo.

Panya hawakuwa taabu. Ghala la chakula cha kuku lilikuwa nao wa kila kimo, na mitego ilikuwepo tayari. Régine alichagua mdogo kabisa, akampasha kwenye kopo la maji ya moto kama Daniella alivyosema, akamfuta, akamshika mkia kwa koleo refu la makaa. Lucien aliwekwa kwenye kiti mlangoni, juani, aone. Chatu alitoa ulimi, akageuza kichwa. Régine alimsogezea. Akajificha chini ya mkunjo wake mwenyewe.

"Ukule, baba," Régine alimbembeleza. "Ukule tu kidogo."

"A-cha," Lucien alisema.

Aliacha. Alifunika kioo. Wiki nzima hakuna aliyekigusa isipokuwa Plamedie na maji yake. Régine aligundua kwamba kungoja huko kunamchosha kuliko kazi. Kuku akikataa chakula unajua cha kufanya: unampa dawa, unamtenga, unamchinja. Huyu alitaka usimfanyie kitu.

Safari ya pili ilikuwa alasiri ya jua na upepo mkavu. Lucien alikuwa kwenye kiti chake mlangoni na usingizi ulikuwa umemchukua, kidevu kifuani. Régine hakumwamsha. Alipasha panya, akalifungua komeo la juu, akashusha koleo mpaka karibu na ukuta, akatulia. Mkono ulianza kumuuma. Ulimi ulitoka. Ukatoka tena, mara nyingi, haraka. Kichwa kikasogea mbele kwa utaratibu wa mtu anayepita gizani, kikasimama, na ghafla koleo likavutwa kwa nguvu ambayo hakutegemea, panya hayupo, na chatu amejiviringa juu yake mafundo mawili.

Régine alifunga kifuniko, akaweka komeo, akajikuta amekaa chini kwenye maranda. Alitaka kupiga vigelegele. Alitaka kumwamsha Lucien. Lakini Daniella alikuwa amesema wazi, akishtuka atatema. Plamedie akatokea uani na gunia tupu la makaa, akiita, "Mama! Makala iliisha ku—" na Régine akainua mkono, kidole mdomoni, hivi kwamba Plamedie akasimama mguu mmoja hewani. Wakatazama pamoja. Kichwa cha panya kikapotea, kisha mabega, kisha mkia peke yake ukining'inia kama uzi, kisha hakuna kitu. Chatu akapiga miayo, mdomo mkubwa wa waridi, akaurudisha mahali pake.

Lucien aliamka jua likiwa limehama kwenye magoti yake. Régine alimwambia. Lucien alimtazama kama mtu anayedanganywa kwa ajili ya afya yake.

"Kweli, Lucien. Muulize Plamedie."

Hakumuuliza mtu. Alijikokota kwa fimbo mpaka kwenye kioo, akainama, akaona uvimbe mdogo, mdogo sana, kwenye theluthi ya kwanza ya mwili. Akabaki ameinama hivyo mpaka Plamedie akamletea kiti.

Chatu hakutapika. Walisubiri siku kadhaa zaidi ya walivyoambiwa, kwa woga tu, kisha wakampa mwingine, mdogo vilevile. Halafu mkubwa kidogo. Mara moja alikataa na Régine akafunika kioo bila kubembeleza. Baridi ilipoondoka na vumbi la mwezi wa tisa likaja, paa la mgongo wake lilikuwa limeshuka, na mikunjo ya ubavuni ilikuwa imejaa. Daniella alipomwona alisema sasa amefanana na nyoka. Alisema pia, kwa sauti ya daktari, kwamba mnyama huyu ataendelea kukua, na asifunguliwe kamwe na mtu aliye peke yake, hata mwenyewe.

Lucien naye aliendelea. Maneno yalirudi bila mpangilio, mengine mapema, mengine hayakurudi. Mkono wa kushoto ulijifunza kijiko, fimbo, kisha koleo. Na mvua za kwanza ziliponyesha alisema anarudi Naviundu.

"Kurudi wapi?" Régine alisema. "Nani atakupikia? Nani atakufulia? Hapa uko na chumba, uko na bantu."

"Yaya," Lucien alisema, akitafuta kila neno. "Miye... si kuku."

Régine alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alikwenda mwenyewe kwa Idrissa, wakazungumza. Idrissa aliondoa kifuniko cha kisanduku, akaweka kingine cha kusukuma upande, kinachoweza kuendeshwa kwa mkono mmoja, na akaahidi kwamba siku ya kulisha atakuwa amesimama pale, kila mara. Fatouma alisema chakula cha mchana si tatizo. Ile asubuhi ya kuhama, Plamedie ndiye aliyemtia chatu kwenye foronya, kwa mikono yake, akimshikilia chini ya shingo na katikati, akimwambia maneno ambayo hakutaka mama yake ayasikie. Chatu alikuwa mzito sasa. Aliingia kwa kupinga.

Jumamosi ya kwanza Régine alikwenda Naviundu na kikapu: unga, samaki mkavu, sombe ya majani ya muhogo, na panya mmoja ndani ya kopo lililofungwa vizuri. Alitembea haraka kutoka barabarani akiwaza nyumba chafu, kaka asiyekula, chatu asiyelishwa. Mlango ulikuwa wazi. Idrissa alikuwa ametoka, ananawa mikono kwenye bomba la uani.

"Yaya Régine, ulichelewa," alisema. "Amekula sasa hivi. Mudogo yako njo amemupa mwenyewe. Miye nilisimama tu kama muti."

Ndani, Lucien alikuwa mbele ya jiko, ameegemea ukuta, akisonga bukari kwa mkono wa kushoto, sufuria imebanwa kati ya tofali mbili zisizunguke. Donge lilikuwa limeinama upande mmoja. Régine alinyoosha mkono kuchukua mwiko, akaona macho yake, akaurudisha.

"Ikaa," Lucien alisema.

Akaketi kwenye kigoda, kikapu mapajani, bila kazi yoyote. Baada ya muda alitoa lile kopo.

"Na hii panya sasa nitaifanya nini?"

Lucien alifikiri. Aliinua mwiko kuelekea nyumba ya jirani, ambako paka wa Fatouma alikuwa amelala juu ya ukuta, naye Régine akacheka, akainuka, akalipeleka.